Sekunde Kumi na Moja za Anna

Jumatatu, 3 Juni
Kaseti ya nne imeingia kwenye kompyuta. Ubatizo. Sauti safi, mistari kidogo chini ya picha. Kaseti ya saa moja inachukua saa moja, hakuna njia ya mkato. Umeme ulikatika mara mbili, nikaanza upya mara mbili. Zimebaki tatu.

Furaha anaolewa Jumamosi. Mama yake, mdogo wangu Anna, alikufa Furaha akiwa hajaanza kutembea. Hajui sauti yake. Nimemwahidi ataisikia kwenye televisheni kabla hajatoka nyumbani: Anna akiwaaga wazazi siku ya harusi yake. Kamera nilishika mimi.

Jumanne, 4 Juni
Kisanduku kinachopeleka filamu kutoka kompyuta hadi televisheni kimekataa mafaili yote manne. Sauti ipo, picha hakuna. Nilikwenda mtaa wa Mudzipela kwa Kambale, fundi aliyeniuzia. Akacheka. "Hii kisanduku iko kama mutu wa bureau," alisema. "Karatasi moja ikikosa, anakurudisha nyumbani." Lazima kila faili ligeuzwe kuwa la aina kinayoikubali. Kompyuta ilifanya kazi hiyo mchana kutwa. Sasa yanaonekana.

Malori mawili ya askari yamepita kuelekea Kpandroma, wanakotoka baadhi ya wageni wetu. Hakuna aliyeeleza sababu.

Jumatano, 5 Juni
Kaseti ya sita, harusi ya Anna. Dakika nane za kwanza: turubai, wageni wanafika, kwaya. Halafu makamanda, kwenye mkutano wa wakati wa vita. Meza, chupa za maji, bunduki zimeegemezwa ukutani. Sauti inayouliza swali ni yangu.

Niliitoa kaseti. Anna alikuwa amevunja kile kijino cha plastiki ili harusi isifutike. Juu ya tundu kuna plasta. Wakati wa vita waandishi wa habari wote tulifanya hivyo. Kaseti mpya hazikupatikana mjini. Ukibandika plasta, kamera inakubali kurekodi tena. Nilichukua kaseti kwenye droo bila kusoma jina. Siikumbuki siku yenyewe. Hilo halipunguzi kitu.

Mkutano ule haukuzaa chochote. Niliuandikia aya tatu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeitazama hadi mwisho. Makamanda, dakika hamsini na moja. Kuaga kote kumefutika. Kisha harusi inarudi kwa sekunde kumi na moja. Anna ameshika sahani, anatazama moja kwa moja kwenye kamera, ananiita mimi, dada yake mkubwa.

"Yaya, wacha kwanza ile kamera. Kuya kula."

Sikuiacha. Kaseti ndiyo iliyoisha.

Kambale alikuja kurekebisha waya, nikamweleza. Akanishauri niseme unyevu ndio uliokula kaseti. Nani atauliza? Anataka kunisaidia. Lakini kazi yangu miaka yote hii ni kuuliza watu nani alifanya nini.

Nimezikata zile sekunde, nimezigeuza, nimeziweka. Faili nimeliita Anna.

Ijumaa, 7 Juni
Nilimwambia Furaha kabla ya kuwasha. Nani, lini, kwa nini. Hakulia. Alitazama. Akachukua rimoti, akarudisha mwenyewe. Akarudisha tena. Sikuhesabu mara ngapi.

Halafu akasema bila kunigeukia: "Mama mukubwa, kesho kamera atashika Kambale."

Nikasema sawa. Nina aibu. Sijawahi kuandika neno hilo kunihusu mimi.

Jumapili, 9 Juni
Harusi imepita. Wageni wa Kpandroma walichelewa, lakini walifika wote. Furaha aliwaaga wazee sebuleni kwa sauti ndogo. Kambale alisimama mbele na kamera, mgongo wake ukanizuia kuona. Nilisikia tu. Sikujua mikono niiweke wapi.

Karamuni nililetewa sahani ya wali na sombe ya majani ya muhogo. Aliyeileta alisema imetoka kwa bibi harusi. Hakuwa na ujumbe mwingine.

Nilikaa. Nikala.