Pengo la Upande wa Pili

Mdogo wangu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, wewe na fidla yako kama bado mnaishi pamoja. Afya yako vipi? Mgongo uliacha kukusumbua? Mimi nipo. Goti la kushoto limegoma, jicho la kulia lina ukungu, ila ulimi ni mzima, kwa hiyo utanivumilia. Naandika mwenyewe, mjukuu hajaigusa barua hii. Madarasa yangu unajua yalikuwa manne tu, basi usianze kunisahihisha.

Shemeji yako tulimzika miezi mitatu iliyopita. Hukuja, hukupiga simu, hukutuma hata mstari mmoja wa pole. Watu waliniuliza ndugu yangu yuko wapi, nikasema yuko safarini. Nilikutetea kwa uongo mbele ya jeneza la mume wangu, na hilo sijalisahau.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki. Mjukuu amenunua mashine ya santuri. Vijana wa siku hizi wamezirudia zile sahani za zamani zilizochanganya magitaa ya umeme na okestra, wanakaa sakafuni kuzisikiliza, kimya, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Mimi nilidhani mambo yale yalikufa pamoja na suruali zenu pana. Akaitoa kabatini sahani yenu, ya bendi ya shemeji yako na wale wapiga fidla wako ishirini na wawili. Tukaisikiliza yote. Nitasema kweli, ni nzuri. Gitaa linanguruma kama lori lililokwama matopeni, halafu fidla zinaingia taratibu chini yake na kulinyanyua. Wakati ule niliwaambia ni kelele za watu wasio na kazi. Nilikuwa mjamzito na miguu imevimba.

Sasa upande wa pili, wimbo wa mwisho, gitaa linanyamaza, ngoma inabaki peke yake kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, na wimbo unaishia hapo. Mjukuu akauliza mbona pana pengo. Nikamwambia akaoshe vyombo.

Wiki hiyohiyo akaja mwandishi wa gazeti la muziki, kijana mwenye viatu safi mno. Alisema sahani itatolewa upya na yeye ndiye anayeandika maelezo ya kwenye jalada. Amezungumza nawe kwa simu, nawe umemwambia kwamba shemeji yako alikikata kipande chako cha fidla kwa wivu, kwa kuwa kililizidi gitaa lake. Alitaka nithibitishe. Nilimfungulia mlango atoke. Atarudi Alhamisi ya wiki ijayo.

Kuamini hivyo sikulaumu. Ulimwita mwizi mbele ya bendi nzima, naye akainamisha kichwa tu. Miaka arobaini na minne amekuacha uamini.

Hakukikata yeye. Soma vizuri, maana sitaandika mara mbili. Unakumbuka nani alikuwa akifagia studio ile. Fundi mitambo alikuwa akikata utepe wa kurekodia kwa wembe. Vipande vya kuunganisha anavibandika ukingoni mwa meza vining'inie, vibovu anavitupa chini. Siku ile kipande chako kilibanduka kikaanguka. Nikaona utepe sakafuni, nikaufagia kama siku zote, nikauchoma kwenye pipa nyuma ya jengo. Fundi alipoanza kutafuta, ulikuwa majivu. Okestra ilishatawanyika, nawe umeondoka nao, hapakuwa na wa kurudia. Shemeji yako akaniona nimeshika ufagio nikilitazama pipa, akawaambia wote waliokuwepo kwamba amekiondoa yeye, hakikumpendeza. Kiongozi wa bendi nani angemfukuza? Mfagiaji mwenye mimba ya miezi saba angetolewa siku ileile.

Alisema tutakueleza mambo yakitulia. Yalitulia. Kila mwaka alinikumbusha, kila mwaka nikakataa. Nilikulea mimi baada ya mama, ukinitazama kama mtu asiyekosea. Sikutaka ujue kwamba kitu kizuri kuliko vyote ulivyowahi kupiga nilikizoa pamoja na maganda ya ndizi. Basi amekufa akiwa mwizi, ili mimi nibaki dada.

Na hili hulijui. Hata baada ya mashine yetu ya kwanza ya santuri kuharibika, alikuwa akikaa jikoni anaupiga mluzi wimbo ule, na akifika kwenye pengo anakipiga kipande chako, chote, bila kuruka hata mahali pamoja. Nilimgombeza aniache na kichwa changu. Sasa nikijaribu kuukumbuka ule mluzi, napata mwanzo tu, halafu unapotea.

Alhamisi nitamwambia kijana yule kila kitu, aandike alivyosikia. Nimetaka ukisikie kwangu kwanza. Usiponisamehe ni haki yako, na kukubembeleza sitakubembeleza. Ila kama vidole vyako bado vinakijua kipande kile, njoo umpigie pale alipolala. Ukitaka nisiwepo, nitabaki nyumbani.

Nisalimie mkeo, ambaye sijawahi kumtia machoni, na wanao ambao hata idadi yao siijui.

Ni mimi dada yako, kama bado unaniita hivyo.