Sindano Kumi Zenye Uzi

Mama watoto,

Maharage yameiva, bado chumvi tu. Suruali ya mwalimu nimeitundika nyuma ya mlango. Akija mpe, na umwombe radhi, mguu mmoja umepinda kidogo. Pasi usiiguse, waya umechunika.

Leo asubuhi nilipokaa kwenye cherehani nilikuta sindano kumi zimechomekwa kwenye kimto, zote zimetiwa uzi. Ni kitindamimba wetu, kabla hajaenda shule. Kaacha na kikaratasi: “Baba, macho yako yamechoka. Nimekusaidia.”

Macho yangu yanaona mpaka sisimizi wa jirani, unajua. Mikono ndiyo inayotetemeka mpaka nipate chupa ya kwanza. Nimelia pale pale, juu ya kitambaa cha watu.

Basi nimekwenda kwenye kile kikao cha wanaoacha pombe ulichonitafutia, chumba cha nyuma ya zahanati, saa kumi. Wiki iliyopita nilikudanganya. Niliishia mlangoni, nikasikia mtu anacheka ndani, nikageuza. Ukanipigia vigelegele, nami nikavipokea. Nisamehe.

Chupa ya kwenye sanduku la vitambaa nimeimwaga. Iko nyingine nyuma ya tangi la maji. Imwage wewe, mimi bado sijiamini.

Mtoto akiniulizia, ~~mwambie nimekwenda kupima macho~~ mwambie narudi jioni. Habari ya macho nitamweleza mwenyewe, mikono nimeiweka mezani, aione.

Baba watoto