Sitara ya Dada Zuwena

Mtaa wa Al-Nuzlah,
Jeddah, Saudi Arabia.

14 Aprili 2025

Mpendwa ndugu yangu Vuai,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza nakuuliza goti lako, maana ulisema linakusumbua kidogo, na wewe ukisema kidogo basi linakutoa machozi. Wifi hajambo? Mwanao Hamdan na wanawe hawajambo? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Sukari yangu inapanda na kushuka itakavyo, lakini Ramadhani nimeifunga yote. Idi tumeila kimyakimya, ikiwa ni ya kwanza bila ya dada.

Barua hii nimempa jirani yetu anayekuja Unguja kuwatazama wazazi wake, pamoja na chupa ya zamzam. Ningeweza kukutumia sauti kama kawaida, lakini simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome peke yako.

Tangu dada Zuwena afariki umeniuliza mambo mawili, na yote nimekuwa nikiyakwepa. La kwanza, alikuwaje siku tulipomwosha. La pili, kwa nini Safa alikupigia simu mwezi wa kumi na mbili, akakaa kimya, akakuuliza kama mvua imenyesha, kisha akaaga. Nilikwambia mtoto ana mitihani. Kumbe maswali yako mawili jibu lake ni moja.

Nianze na Safa. Mjukuu wangu huyu anamaliza sekondari mwaka huu na ameomba vyuo vya nje. Si kwa kujidai. Amezaliwa hapa, baba yake amezaliwa hapa, na bado wanaishi kwa ikama, kibali cha kukaa, chini ya kafili anayewadhamini, kama wageni waliofika jana. Chuo cha nje ndio mlango aliouona. Lakini vyuo hivyo, ndugu yangu, havitosheki na alama. Vinataka mtoto awe na mradi wa moyo wake, jambo alilolichagua mwenyewe akalifanya bila ya kutumwa, halafu akae aandike limemfanya kuwa mtu wa namna gani. Zama zetu ukifanya jambo bila ya kutumwa ulichapwa.

Basi akahangaika. Alianza na kupika halua, akaniunguzia sufuria ya shaba niliyoachiwa na mama. Akaenda na wenzake kuokota plastiki pwani, wakarudi na picha nyingi kuliko plastiki. Mwalimu anayewasaidia maombi hayo ni Mkenya, jina lake Bi Monicah. Akamwambia kwamba hayo analetewa na kila mtoto, atafute lile ambalo hata pasingekuwa na chuo angelifanya.

Na lilikuwako. Unajua kwamba huku mimi ndiye ninayeitwa kuosha wanapokufa wanawake wetu, wa Unguja, wa Pemba, wa Mombasa, hata wafanyakazi wa majumbani wasio na jamaa mji huu. Safa alianza kunifuata mwaka juzi. Mwanzo alishika ndoo tu. Kisha akajua kupima joto la maji kwa ndani ya mkono, kuponda majani ya mkunazi, kusaga karafuu maiti, kumgeuza marehemu taratibu kama mtu aliyelala ambaye hutaki aamke. Akalichagua hilo kuwa mradi wake. Mama yake aliingiwa na hofu. Mimi nilifurahi, wala sikuficha.

Ndipo dada akafariki kule Riyadh, nyumbani kwake Al-Dirah, mwezi wa nane. Mimi na Safa tulipanda ndege ya asubuhi, tukamwosha adhuhuri, akazikwa baada ya alasiri. Wewe ulikuwa huko unalia kwenye simu na viza haijapatikana. Mwaka wa sitini na nne, tulipokimbia mapinduzi, tulikuacha mikononi mwa bibi, kichanga usiyeweza kusafirishwa, na tangu hapo dada ulimwona kwa kubahatisha tu. Hata kumzika hukujaaliwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwezi wa kumi na moja Safa akanisomea insha yake jikoni. Aliiandika kwa Kiingereza, akawa ananifasiria huku anasoma. Vuai, mtoto huyu anajua kuandika. Aliandika maji, aliandika mikono yangu, aliandika nilivyomwita dada kwa jina lake la utotoni nikimlaza ubavu. Kisha akaandika alichokiona mwilini mwake.

Hicho sikwambii, na nakuomba usikikisie. Kila mwili una yake, wako na wangu. Si aibu wala si uovu. Kilikuwa cha dada, na hakupenda kumwonyesha mtu. Safa alikifanya ndio moyo wa insha, kwa mapenzi, ili walimwengu wajue jinsi dada alivyokuwa mvumilivu.

Niliweka kisu chini. Nikamwambia, "Tulimfunika nguo tangu kata ya kwanza ya maji mpaka sanda. Wewe hapa umeivuta ile nguo."

"Lakini Bibi, nimemsifu. Na jina lake sikuliandika."

"Anayemjua atamjua. Asiyemjua ana haja gani naye?"

Nilimwangalia usoni nikaona kweli hakuwa akijua. Nilimfundisha maji na karafuu maiti na kukata sanda, lakini hili la kufunga kinywa sikuwahi kulitamka, kwa sababu na sisi hatukutamkiwa. Tulikua tukiwaona waosha wanatoka chumbani, watu wanawauliza, nao wanajibu, "Alhamdulillahi, alikuwa mzuri," kisha wanaomba maji ya kunywa. Basi. Nikadhani mtoto atalipata kwa kunitazama, nikasahau kwamba amekulia zama ambazo kila kitu huonyeshwa.

Bi Monicah akaja nyumbani mwenyewe. Mtu wa heshima, alivua viatu mlangoni na chai yangu aliimaliza. Akaniambia, "Shosho, wacha nikuambie ukweli. Nimesoma hizi essay miaka mingi, na hii ndiyo ya kwanza imenifanya nilie. Inaweza kumfungulia mlango. Si tuombe tu ruhusa ya familia?"

Hapo ndipo Safa alipokupigia. Alitaka ruhusa yako wewe, ndugu wa marehemu. Alipofika mahali pa kuomba akatambua kwamba ili umruhusu ni lazima akwambie anachotaka kukisema, na akikwambia keshakisema. Akakuuliza habari za mvua.

Sikumkataza. Mama yake alinitaka nimkataze au nimruhusu, lolote, ilimradi mtoto apate usingizi. Nikanyamaza, maana kinywa kilichozibwa na mtu mwingine hakimfai mwosha. Siku ya mwisho ya kupeleka maombi alikuja akakaa miguuni pangu. "Halas, Bibi. Nimefuta. Nimebakisha maji tu." Ndivyo alivyopeleka: namna ya kuyapasha moto, namna ya kuyamimina bila ya kelele. Bi Monicah alisema ni nzuri, lakini hakulia.

Majibu yametoka mwezi uliopita. Chuo alichokitaka kuliko vyote kimemkataa. Cha pili kimemwambia angoje, na cha tatu kiko kimya. Hapana ajuaye kama insha ile ya kwanza ingempeleka, ila mimi sitajiliwaza kwa uongo. Nadhani ingempeleka. Alilia, nikalia naye. Nimejiuliza pia kama dada mwenyewe, alivyompenda mtoto huyu, asingesema mwacheni aandike. Pengine angesema. Lakini hakusema, na sasa haulizwi tena.

Wiki iliyopita tukaitwa. Alikuwa mama wa Malindi, mfanyakazi wa nyumbani, hana wa kumlilia hapa ila wenzake wa kazi. Sikumwambia Safa, maana niliona mradi umekwisha na moyo umemvunjika. Nilipotoka chumbani na baibui langu nikamkuta mlangoni keshavaa viatu, mkoba wa sanda begani. "Yalla, Bibi, wanatungoja." Tukamwosha. Tulipotoka, wale wenzake wa kazi wakamzunguka Safa, wakamwuliza alikuwaje. Akajibu, "Alhamdulillahi, alikuwa mwepesi." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Sasa nakujibu swali lako, ndugu yangu, kwa yale niliyo na ruhusa nayo. Uso wa dada ulikuwa umetulia. Nywele zake zilikuwa bado nyingi, tulizisuka mikia mitatu. Maji yalikuwa vuguvugu kama alivyopenda ya kuogea. Mengine tumeyazika naye.

Nisalimie wifi, umwambie karafuu alizonitumia zimefika na harufu yake. Nisalimie Hamdan na wanawe mmoja mmoja. Mwombee Safa hicho chuo cha tatu kijibu kwa heri. Mwenyezi Mungu akupe wepesi wa goti, na akukutanishe na dada mahali pasipotaka viza.

Nina neno moja la mwisho. Mwosha huoshwa, na umri wangu unaujua. Miaka yote nilichokiogopa si kufa, nilichokiogopa ni kulala wazi mbele ya macho ya watu. Sasa siogopi. Siku hiyo utampigia Safa simu umwulize nilikuwaje. Atakwambia nilikuwa mzuri, kisha atakuuliza kama mvua imenyesha. Mjibu habari za mvua, Vuai.

Wako akupendaye, dada uliyebakiwa naye,
Badriya