Maneno Yangu Kapewa Msichana Mpya

Shoga, nimejifungia stoo ya maabara. Sitoki.

Unayakumbuka maneno ya mchumba wangu, yale yaliyonilainisha tukiwa chuoni? "Rangi ikizidi kwenye maji, mwanga unaomezwa nao huzidi. Ndivyo unavyonimeza." Ukanitania kwamba nitaolewa na mashine ya kupimia rangi!

Leo nimemkuta anamwambia hayohayo msichana mpya, yule tunayepima naye rangi za vitambaa. Neno kwa neno, shoga! Kamwinamia, kichupa cha rangi mkononi, sauti ileile ya asali. "Ndivyo unavyonimeza." Yangu hayo! YANGU!

Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nilishafungua kinywa nimrarue.

Msichana hata hakugeuka. Akasema, "Kaka, hiyo ni kwa rangi nyepesi tu. Ikikolea kupita kiasi, mashine haisemi kweli tena. Na wewe umekolea. Kaongeze maji."

Kaongeze maji! Maabara nzima ikaangua kicheko.

Pete yake ya uchumba nimeitumbukiza kwenye kichupa alichoshika, nikapita.

Bwana simlilii, shoga. Ninalolilia ni lile jibu. Miaka yote hii ulimi ninao, kwa nini halikutoka kwangu?