Reli Iliyogeuzwa

Binti yangu mpendwa,

Salamu kutoka karakanani. Hatujambo, ila paka wa mama yako amezaa ndani ya sanduku la brashi zangu, na nimekatazwa kuligusa.

Bunduki yako ya shabaha uliyoituma ikaguliwe imefika. Nilipopitisha kidole juu ya reli ya darubini, kile chuma kinachoishikilia juu ya bunduki, nilihisi upande mnene uko mbele. Nilikuchagulia reli yenye mwinamo kwa kuwa unalenga mbali, na upande mnene hukaa nyuma ili risasi ipande juu. Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua hilo. Mimi fundi wa miaka thelathini niliigeuza, nikakaza skrubu zote nne, nikakuaga kwa maringo.

Ulitoka mashindanoni mikono mitupu ukasema ni upepo. Mwanangu, ni upepo gani huo unaosukuma risasi chini? Uliiona ile reli, ukanisitiri.

Basi nami nikwambie ninachokuficha. Macho yangu yamekwisha. Skrubu moja naiona mbili, na nikiinama karibu zinapotea zote.

Safari hii reli ameifunga mama yako. Mimi nilishika taa, yeye akanifokea kwamba inatikisika. Imekaa sawasawa, nimeipapasa mara tatu.

Mwandiko huu umeshautambua kuwa ni wake. Nimemkataza asiongeze neno, ila sioni anachoandika.

Baba yako

Ni mimi, mama. Acha mazoezi kidogo, uje akuone wakati bado anaona.