Ndege wa Kwenye Spika

Jumapili, usiku

Na masikio bado yananivuma.

Mimi ndiye niliyewashawishi majirani zangu wa Mwembesongo twende kwenye msitu wa juu ya Kinole. Nilitaka wausikie ukimya wake, waupende, waache kuona kila mti ni mkaa. Mwenyekiti wetu wa mtaa akaja na spika. Mlima mzima tumeupanda kwa singeli.

Tulipofika kwenye miti mikubwa, akazima muziki, akashika maiki. "Jamani, tunyamaze! Tusikilize ndege!"

Tukanyamaza. Ndege gani angekuwa bado yupo?

Mwenyekiti hakukata tamaa. Akatafuta sauti za ndege kwenye simu yake, akaziweka kwenye spika. Watu wakafumba macho. Jirani yangu Mama Rehema akafuta chozi. "Kweli Mungu fundi," akasema.

Wakati wa kushuka wakakubaliana wote kwamba lazima turudi, ila na spika kubwa zaidi, maana waliokaa nyuma hawakuwasikia ndege vizuri.

Nilitaka waupende msitu. Wameupenda. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.