Kila Saa Nne Asubuhi Mwanangu Anakufa Upya

Mpendwa Bi Baukje,

Nisaidie, mama, maana mimi nimefika mwisho na ukurasa wako huu wa gazeti la Jumamosi ndio mlango pekee ambao sijaupigia hodi. Naitwa Tjitske, mume wangu ni Wobbe, fundi baiskeli ambaye mji wetu mzima hapa Friesland, Uholanzi, unamjua, na mwaka juzi majira ya kuchipua majani alishikwa na homa tukadhani ni mafua, kumbe virusi vilikuwa vimeingia kwenye ubongo, na alipotoka hospitali alikuwa Wobbe yuleyule, mcheshi yuleyule, ananijua mimi, anakumbuka harusi yetu na mvua iliyotunyeshea, anamkumbuka mwanetu Jelmer akijifunza kuteleza kwenye barafu huku anasukuma kiti cha jikoni, lakini jambo jipya halikai tena kichwani mwake, unamwambia kitu anakusikia, anakujibu kwa akili zake zote, na kahawa haijapoa limeshafutika kana kwamba hukusema.

Hilo ningeliweza, Bi Baukje, nakuapia ningeliweza, tulihamia nyumba isiyo na ngazi, nikaacha kazi yangu ya maktaba, nikazoea kujibu swali moja tangu asubuhi hadi jioni bila kupandisha sauti. Lakini mwaka uleule, Oktoba, Jelmer wetu, mtoto pekee tuliyejaliwa, aligongwa na lori la maziwa akiwa kwenye baiskeli aliyoundiwa na baba yake, na Wobbe alikuwapo mazikoni, alishika jeneza, alitupa udongo kwa mkono wake mwenyewe, kisha tulipokuwa tumekaa na watu kwenye kahawa ya msiba akamwinamia dada yake Hiske akamuuliza kwa sauti ya chini, "Hivi tumemzika nani leo?"

Tangu siku hiyo hayo ndiyo maisha yetu. Kalenda yetu ya siku za kuzaliwa ipo ukutani chooni, kama ya kila mtu huku kwetu, unakaa unaitazama, na jina la Jelmer liko Novemba kwa mwandiko wake wa utotoni, herufi zimelala upande. Najua mtu wetu akifa tunamwekea kamsalaba kadogo pembeni ya jina, lakini mimi mkono umekataa, na tangu Novemba ile sijaigeuza kalenda, imeganda hapohapo, sasa hivi nje maua yameshatoka na chooni kwangu bado ni Novemba. Basi Wobbe akishamaliza mambo yake ya asubuhi huko chooni anakuja kukaa mezani, saa nne, mimi nafungua kopo la biskuti, namtolea moja, nafunga kopo, namimina kahawa, naye ananiuliza kwa furaha, "Siku ya kuzaliwa ya Jelmer si mwezi huu? Atakuja?"

Nami namwambia. Namwambia ukweli, kwa sababu nimelelewa hivyo na yeye kalelewa hivyo. Uso wake unavunjika, Bi Baukje, sijui neno lingine, anaanza mwanzo kabisa, "Lini? Wapi? Mbona hamkuniita?" Tunalia wote wawili, ananishika mkono kama zamani, halafu taratibu naona macho yake yanatangatanga, anajipapasa mashavu na kuniuliza, "Mbona uso wangu umelowa?"

Siku moja nilijaribu kumwambia Jelmer yuko kazini mjini Groningen. Akafurahi, akala biskuti yake, na mimi nikaenda kuinama kwenye sinki la jikoni nikajiona nimemzika mwanangu bila hata jeneza. Hiske alipojua alinijia juu hapohapo mlangoni, hata koti hajavua.

"Wifi, kaka yangu si mtoto mchanga wa kudanganywa. Kwetu mtu anaambiwa ukweli usoni, na kama ni wa kulia, analia."

"Analia kila siku, Hiske."

"Basi na alie! Yeye ni baba. Au wewe unataka amsahau mwanawe?"

"Mwanawe hajamsahau. Kinachompotea ni kwamba amekufa."

"Ndiyo umkumbushe sasa. Wewe ndiye mkewe, nani mwingine amkumbushe?"

Nikarudi kwenye ukweli. Sasa sikiliza kilichoniua kabisa. Tangu baridi ilipoanza, Wobbe hataki kukaa na mimi. Nikifungua lile kopo, mfuniko ukilia tu, hata kabla sijaenda mezani, yeye ananyanyuka na kwenda kusimama dirishani amenipa mgongo, mikono inamtoka jasho. Juzi nikamuuliza, "Wobbe, nimekukosea nini?" Akasema, "Hujanikosea kitu, Tjitske. Sijui ni nini. Naomba hicho kikombe ukiweke mbali." Na mchana akija Rinske, yule muuguzi wa kumwogesha, Wobbe anacheka naye, wanakunywa chai, anamtania kwamba baiskeli yake inalia kama bata, na Rinske hata jina lake Wobbe halijui! Nyumba yenyewe hii haijui, kila siku ananiuliza tumekuja kwa nani, ingawa mlango wa choo hakosei na hata swichi ya taa haitafuti. Anayemjua ni mimi, na anayemkimbia ni mimi.

Nimeanza kuamini kwamba kule ndani kabisa, mahali ambapo ugonjwa haukufika, ananichukia. Labda ananilaumu kwa ajili ya Jelmer. Nyumba ya kutunzia wagonjwa imetupatia nafasi na wanataka jibu Ijumaa ijayo. Hiske anasema nikimpeleka nimemtupa. Mimi nasema, mtu asiyeweza kuvumilia sura yangu namshikilia kwa nini? Mtoto sina, mume ananipa mgongo, na asubuhi nikiamka jambo la kwanza ninalowaza ni kwamba saa nne inakuja. Niambie, nimpeleke? Na kabla sijampeleka niendelee kumwambia, au nimdanganye hadi mwisho?

Ni mimi, Tjitske, niliyechoka.

Bi Baukje anajibu:

Tjitske, pole. Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaiacha mezani, nikatoka kwenda kununua mkate, na niliporudi bado ilikuwa inaniuma. Kwa hiyo usidhani ninayokuambia hapa chini nayasema kwa wepesi.

Kwanza lile la chuki litoe kichwani leo. Mumeo hakuchukii wala hakulaumu. Hana cha kukulaumia, kwa sababu kwake yeye, kila asubuhi akitoka chooni, Jelmer yu hai. Tatizo ni jingine na ni baya kwa namna yake. Mumeo anakuogopa, na aliyemfundisha ni wewe.

Usilitupe gazeti. Kaa, nikueleze.

Kabla ya ukurasa huu nilifundisha wanafunzi wa uuguzi somo lao la kwanza la saikolojia, na kila mwaka walikuja darasani wakidhani kumbukumbu ni kabati moja, likivunjika limevunjika lote. Siyo hivyo. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo iliyojikunja ambayo kazi yake ni kupokea habari za leo na kuziweka ili kesho uzikute. Hiyo ndiyo virusi vimemharibia Wobbe. Ya zamani yalishawekwa kwingine, ndiyo maana mvua ya harusi yenu anayo. Mazoea ya mwili nayo yana mahali pake. Wewe mwenyewe umeniandikia bila kujua umeandika nini: nyumba haijui, lakini mlango wa choo hakosei. Mmehamia humo baada ya ugonjwa, sasa huo mlango kaujua lini? Kajifunza humo humo, siku kwa siku, na hana habari kwamba kajifunza.

Na hofu, Tjitske, ina mahali pake pia, kipande kidogo tu, na kwa Wobbe inaonekana kizima kabisa. Wewe ni mtu wa Friesland, ng'ombe unawajua. Ng'ombe aliyechomwa sindano hana haja ya kukumbuka ilikuwa Jumanne. Akisikia gari la daktari wa mifugo anaingia kona ya mwisho ya zizi, basi. Sasa tazama meza yako. Mfuniko wa kopo unalia, kahawa inanukia, Tjitske anakaa, kisha dunia inapasuka. Kesho mfuniko, kahawa, Tjitske, dunia inapasuka. Habari ya kifo inapotea kahawa ikipoa. Ile ya mfuniko haipotei. Hata yale majonzi yenyewe hayaondoki pamoja na habari, yanambakia kifuani mchana kutwa na hajui ametoka nayo wapi. Rinske hana jina kichwani mwa mumeo, lakini mwili wa Wobbe unajua kwamba akija Rinske hakuna kinachopasuka.

Kwa hiyo swali lako la kumwambia au kutomwambia lina jibu fupi. Acha. Acha leo. Ukweli anapewa mtu anayeweza kuuweka mahali, akalala nao, akaamka nao, mwisho akauzoea. Wobbe humpi ukweli, unampa kipigo tu, na kesho unampiga palepale. Wifi yako Hiske akibisha, mwambie aje yeye saa nne, akae kwenye kiti chako, amwambie kaka yake kwa mdomo wake. Hatarudi siku ya pili. Kulelewa kusema ukweli ni jambo jema, nami nimelelewa hivyohivyo, lakini sisi watu wa huku tuna ugonjwa wa kudhani kila kilicho kweli lazima kisemwe, na kisemwe sasa hivi.

Nikuambie na lingine, na hili ndilo sikupenda kuliandika. Mwanamke mwenye akili kama wewe aliona tangu zamani kwamba haisaidii. Kwa nini hukuacha? Umeandika, "Ananishika mkono kama zamani." Hapo nilisimama. Tangu Oktoba ile umekuwa mjane wa mume aliye hai na mama wa mtoto aliyekufa, na muda ule mfupi kahawa ikiwa ya moto ndio muda pekee ambao Jelmer ana wazazi wawili wanaomlilia. Sikulaumu hata kidogo. Ningekuwa wewe huenda ningefanya hivyohivyo, tena kwa muda mrefu zaidi. Lakini anayelipia ni Wobbe, na sasa na wewe umeanza kulipia. Huyo mwenzako wa kulia naye hutampata tena. Siwezi kukupa badala yake, na hakuna atakayekupa.

Sasa fanya hivi. Geuza ile kalenda. Usiitupe, usimfute mtoto, itoe chooni uitundike chumbani kwako upande wa ndani wa kabati, na msalaba uweke siku mkono ukikubali. Lile kopo mpe jirani. Kahawa ya saa nne ife kabisa nyumbani kwako. Kunyweni chai, saa nyingine, upande mwingine wa nyumba, ikiwezekana nje, na mumeo umpe tairi la kuziba mikononi. Wewe ukae karibu, usiseme kitu kizito. Siku ya kwanza atanyanyuka aende zake. Ya pili pia. Hofu iliyofundishwa haifutiki, unachoweza ni kumfundisha juu yake jambo jingine, taratibu, mpaka mwili wake uanze kuzoea kwamba akija Tjitske hakuna kinachopasuka. Na ziko asubuhi, hata mwakani, atakazokupa mgongo. Usikae chini ukatafuta maana yake. Haina maana.

Kuhusu Ijumaa, wapigie simu waombe wakuvumilie. Kumpeleka kwa sababu unadhani anakuchukia nakukataza. Ukimpeleka kwa sababu nguvu zimekuisha, hapo sina neno, na Hiske pia asiwe nalo.

Na kwa kulia, mwite Hiske. Najua, huyo huyo. Kamzika mtoto wa kaka yake, na ule ukali wote mlangoni sidhani ulikuwa juu yako. Mlilie yeye. Yeye ukimwambia leo, kesho atakuwa bado anajua.

Limebaki swali la Wobbe mwenyewe, maana hata bila kalenda ataliuliza. Kama uongo wa Groningen unakukaba, usiuseme. Mwambie tu, "Wobbe, hebu nisimulie alivyojifunza kuteleza." Kile kiti cha jikoni bado anacho chote kichwani, pengine kukuzidi wewe. Atakueleza barafu ilivyolia, mtoto alivyoanguka, alivyokataa kuachia kiti. Wewe sikiliza, uinamishe uso kwenye kikombe ikibidi. Akimaliza atakuuliza Jelmer anakuja saa ngapi. Mwombe aanze tena.